Binti Anapopata Kazi ya Kusomesha Bara



Swali la juma hili limetufikia kwa njia tatu: kwa barua ya mama mmoja wa Kisauni, kwa simu ya baba mmoja wa Malindi, na kwa mdomo wa binti mwenyewe, mzaliwa wa Lamu, aliyetungoja mlangoni baada ya darsa ya akina mama. Hawajuani hata kidogo, lakini lao ni moja. Binti amehitimu ualimu, na somo lake ni Kiingereza na fasihi yake. Amekaa nyumbani mwaka mzima, pengine miwili, akisomesha watoto wa jirani barazani kwa ujira usiofika popote. Mara barua ya kazi imekuja, na kazi yenyewe iko Ruiru, au iko Thika. Baba amesema haiwezekani. Mama yu katikati, akivutwa huku na huku. Binti amenyamaza, na siku alizopewa za kuripoti zinakwisha.

Tunalitanguliza jibu ili msomaji asije akatungoja hadi mwisho: sisi tunaona aende. Lakini kuna kwenda na kuna kutupwa, na mengi tutakayoyasema yanahusu tofauti ya mambo hayo mawili.

Kwanza, kwa nini kazi iko huko? Ruiru na Thika ni miji ya kaunti ya Kiambu, kwenye barabara kuu itokayo Nairobi kuelekea kaskazini. Ruiru haifiki kilomita 30 kutoka katikati ya Nairobi. Thika imezidi kidogo 40. Barabara hiyo ilipopanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka 2012, watu waliokuwa wakifanya kazi Nairobi walihamia huko kwa maelfu, na palipokuwa mashamba ya kahawa pakaota maghorofa ya kupangisha. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliikuta Ruiru na watu zaidi ya 370,000, na Thika zaidi ya 250,000. Penye watu wengi vijana pana watoto wengi, na penye watoto wengi shule huzuka, hasa za watu binafsi, kila mtaa na yake. Ongezea hapo sekondari msingi, iliyoanza Januari 2023 na kuzidisha haja ya walimu wa masomo mbalimbali nchi nzima.

Wapo pia wanaopelekwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Wengi mtaikumbuka ile sera ya kuwahamisha walimu nje ya kaunti zao, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2018 na kutenganisha waume na wake, mama na watoto. Vyama vya walimu vililalamika, wabunge wakalalamika, na tangu mwaka 2023 ikalegezwa. Kwa hiyo mabinti wengi wanaotuuliza leo hawaendi kwa kulazimishwa. Wanakwenda kwa sababu nafasi iko huko na hapa kwetu haiko, na baba anayekataa yafaa alijue hilo kabla hajasema kwamba mtoto ametamani mambo ya mjini.

Wazee wetu walikuwa na neno lao. Mtu akipanda gari la moshi kwenda Nairobi, walisema amekwenda Kenya. Vijana hucheka wakisikia, lakini wazee hawakuwa wakikosea jiografia. Ukanda huu wa pwani ulikuwa chini ya bendera ya Sultani wa Zanzibar hadi mwaka 1963. Bara ilikuwa koloni, na sisi tulikuwa himaya. Bendera ile imeshuka zaidi ya miaka 60, na bado mama wa Kisauni ameandika kwamba mwanawe anakwenda "nchi ya watu". Hatumcheki. Mtu aliyelelewa kwa adhana kutoka misikiti minne kwa pamoja, kwa shikamoo ya kila kizingiti na harufu ya mkate wa mofa alasiri, akishushwa Ruiru saa kumi na mbili jioni huwa mgeni kweli, hata kama kitambulisho chake ni kile kile.

Baba wa Malindi alikuwa na hoja nyingine: kwamba Kiingereza ni lugha ya wasiokuwa sisi, na mtoto hakulelewa ili aende kuwasomesha watu lugha ya wengine katika mji wa wengine. Kwa heshima yake, hoja hii tunaijibu kwa jina la mtu asiyeweza kuambiwa kwamba dini ilimpungukia. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianzisha gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwaamsha Waislamu wa pwani wasibaki nyuma katika elimu huku wakiishika dini yao. Mwaka uliofuata alizaliwa mwanawe Ali, ambaye sote twamjua: profesa aliyesomesha Makerere, kisha Marekani, akaandika vitabu vyake kwa Kiingereza hicho hicho na kukitumia kuutetea Uislamu na Afrika mbele ya dunia. Alipofariki mwaka 2014 alirudishwa Mombasa, akazikwa katika makaburi ya Mazrui karibu na Fort Jesus. Lugha ile haikumsahaulisha njia ya nyumbani.

Na kwa kuwa tumeingia darasani, tukae humo kidogo, maana ndiko binti atakakoshinda, na wazazi wengi hawajui kunakuwaje.

Wanafunzi wengi wa Ruiru na Thika wamelelewa katika nyumba za Kikuyu. Lugha ya Kikuyu haitenganishi sauti za "r" na "l" kama tunavyozitenganisha sisi. Basi mtoto anaweza kusoma kwa Kiingereza neno la mchele, darasa likasikia neno la chawa. Mwalimu wa Lamu hulisikia kosa hilo papo hapo, kwa sababu kwake yeye kura na kula hayajawahi kuwa neno moja. Ni nusu ya kazi kufanyika kabla hajashika chaki. Lakini asijione sana. Sisi Waswahili tuna irabu tano tu, na Kikuyu kina saba. Kwetu neno la Kiingereza la meli na neno la kondoo hutoka mdomoni kama mapacha, na huenda mtoto wa Kikuyu akazisikia ngazi za sauti ambazo mwalimu wake mwenyewe hakuzaliwa nazo. Mwalimu mwenye akili hulijua hili mapema, akajizoeza chumbani kwake usiku. Asiyelijua huambiwa na mtoto wa gredi ya saba, mbele ya darasa zima.

Kisha kuna Kiswahili chake. Akifungua mdomo kuomba chumvi tu, watu watageuka. Wengine watamsifu, wengine watamwigiza, na watoto watamjibu kwa Sheng ambayo hataielewa kwa majuma mawili. Jambo la kujihadhari hapa ni la kazi zaidi kuliko la kicheko. Mwalimu mkuu atamtazama, aone ni mtu wa pwani, na amwambie ashike vipindi vya Kiswahili pia, kwa kuwa "wewe ni wa Mombasa". Binti aliyesomea Kiingereza na fasihi hakufundishwa kukisomesha Kiswahili, hata kama anakisema vizuri kuliko majilisi nzima ya walimu. Akikubali siku ya kwanza kwa kuona haya, atajikuta na mzigo wa watu wawili kwa mshahara wa mmoja. Aseme mara moja, kwa adabu na uso mkunjufu, kwamba yu tayari kusaidia midahalo na ushairi, ila vipindi vyake ni vile vilivyo katika barua yake ya kazi.

Watoto watamuuliza habari ya hijabu. Wengi hawajawahi kusomeshwa na mwanamke aliyejistiri, na maswali yao hayana kisirani. "Madam, kwani uko na nywele?" "Madam, hiyo kitu unalala nayo?" Ajibu kwa kucheka. Mwaka wa pili hakuna atakayeuliza, na akisikia mgeni anauliza, watoto ndio watakaomjibu kwa niaba yake.

Wazazi wengi wametuuliza kama sheria imekataza hijabu shuleni, na tunaona hapa pamechanganyika mambo mawili. Hukumu ya Mahakama ya Juu ya Januari 2019, iliyotengua ushindi wa rufaa wa mwaka 2016, ilitokana na kesi ya sare za wanafunzi katika shule moja ya Isiolo inayodhaminiwa na kanisa. Haikumvua mwalimu hijabu yake. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 32, inasema wazi kwamba mtu asinyimwe kazi kwa ajili ya imani yake. Lakini haki iliyo kwenye karatasi hailingani na amani ya kila siku, na kwa hiyo ushauri wetu ni mwepisi: binti aende kwenye mahojiano na vazi lile lile atakalosomeshea. Akiwa na la kuulizwa, aulizwe siku hiyo, kabla hajalipia chumba. Wanaovaa niqabu wana jambo la zaidi, kwa kuwa mwanafunzi wa lugha hutazama midomo ya mwalimu. Hilo binti alipeleke kwa sheikh wake mwenyewe kabla ya kuondoka, alipatie jibu atakalotulia nalo.

Shule nyingi za Kiambu zina udhamini wa makanisa, na sheria ya elimu ya msingi inawatambua wadhamini hao. Basi patakuwa na nyimbo na dua za Kikristo kwenye paredi ya asubuhi. Atasimama pamoja na walimu wenzake kwa utulivu na heshima, na ibada isiyo yake ataiachia wenyewe. Akiombwa aongoze dua, aombe radhi kwa neno moja, bila hotuba. Tumeona kwamba wakuu wa shule huchoshwa na mwalimu anayegeuza kila jambo kuwa mabishano, na humheshimu yule anayejulikana msimamo wake na kazi yake haina doa. Habari ya Ijumaa na ya swala ya adhuhuri aizungumze na mpanga ratiba mwanzo wa muhula, wakati vipindi bado vinahamishika. Idd-ul-Fitr ni sikukuu ya taifa zima. Ya Idd-ul-Hajj husubiri tangazo la serikali, na mwalimu aandike barua yake ya ruhusa mapema asingoje mwezi uandame.

Tuje kwa safari. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamezungumza kwa urefu kuhusu safari ya mwanamke bila mahram na khitilafu zake pale njia inapokuwa na amani, wala hatutaki ukurasa huu uwe korti ya kadhi. Njia ya kutoka katika khitilafu ipo na si ngumu: baba, kaka au mjomba amsindikize safari ya kwanza, akae naye siku tatu nne hadi chumba kipatikane. Wapande treni ya asubuhi kutoka Miritini, ambayo huwafikisha Syokimau mchana, kuliko basi la usiku linalowamwaga katikati ya Nairobi kabla ya alfajiri wakiwa na masanduku na usingizi. Toka huko wavuke mji. Matatu za Ruiru hubeba nambari 145, na za Thika 237.

Njiani atakusanya na kupunguza swala zake kama msafiri. Akishafika na kunuia kukaa, huo msamaha umekwisha: kwa madhehebu yetu, anayenuia kukaa siku nne kamili, ukiacha siku ya kuingia na siku ya kutoka, ni mkazi, na swala zake ni timamu. Tunalitaja kwa kuwa tumewasikia wanafunzi wakipunguza swala muhula mzima kwa hoja kwamba "mimi ni mtu wa Mombasa".

La saa nalo. Thika iko magharibi yetu, na jua huichwea baada ya kutuchwea sisi. Tofauti ya magharibi hubadilika kwa msimu: dakika tano hivi mwezi wa Disemba, na huenda hadi kumi na tano mwezi wa Juni. Mabinti wengi hufungulia redio za Mombasa kwenye simu ili wasikie sauti za nyumbani, na Ramadhani ikiingia hushawishika kufuturu kwa adhana hiyo. Usisafirie nyota ya mwenzio, waliambizana manahodha. Afuate ratiba ya msikiti wa mji alipo.

Sasa nyumba, na hapa ndipo tungependa wazazi watusikilize kuliko mahali pengine popote.

Atakachokipata mwalimu anayeanza ni chumba kimoja chenye jiko na choo ndani, kile kinachoitwa bedsita, katika ghorofa lenye wapangaji makumi. Mtu atakayekuwa na neno kubwa juu ya maisha yake si mwenye nyumba, ambaye pengine hatamwona, bali ni keyateka. Huyo ndiye mwenye funguo za lango, ndiye ajuaye maji hutoka siku gani, nani anaingia usiku na nani hulewa Jumamosi. Msindikizaji azungumze naye yeye, kwa upole, na ajitambulishe kwamba ni baba au kaka wa mpangaji. Mji mzima wa Ruiru hautamjua binti, lakini mtu huyo mmoja akijua kwamba ana wenyewe, mambo mengi hunyooka yenyewe.

Asilipe dipoziti kwa simu kwa chumba alichokiona pichani. Matapeli wa vyumba ni wengi katika barabara ile yote, na mgeni ndiye riziki yao. Akatazame mchana, kisha arudi magharibi akatazame tena: njia ina taa? Kuna baa chini ya ghorofa? Kutoka shuleni hadi hapo ni mwendo wa miguu, au atavuka barabara kuu kwa daraja la juu giza likiingia? Sisi tungemchagulia chumba kidogo kilicho karibu na shule kuliko kipana kilicho mbali, hata kama kodi imezidi kidogo. Ifikapo saa moja jua limekwisha kuchwa mwaka mzima, na mikutano ya walimu haijali hilo.

Lililo bora kuliko yote ni kukaa wawili. Mabinti wa pwani, wa Garissa na wa Isiolo wanaosomesha au kusoma katika barabara hiyo ni wengi kuliko wazazi wanavyodhani. Thika ndipo njia ya Garissa inapochepuka, na biashara za Waislamu zimekuwapo mjini humo tangu zamani. Chuo Kikuu cha Kenyatta kiko Kahawa, cha Jomo Kenyatta kiko Juja kati ya Ruiru na Thika, na vyote vina wanafunzi wetu. Aanzie msikitini. Aulize darsa ya wanawake ni siku gani, aende juma la kwanza hata kama amechoka, na huko ndiko atakakoambiwa bucha lipi nyama yake haina shaka, na nani anatafuta mwenzake wa kupanga naye. Kwa chakula hatafi njaa: shuleni atapewa githeri, ambayo ni mahindi na maharagwe na haina la kuulizwa. Nazi atazipata, ila kwa bei ya kumfanya amkumbuke nyanyake.

Mfungieni na sweta mbili. Mji uko kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari, na baridi ya Juni na Julai haitoki kwa deraa.

Tumefikia neno lenyewe, lile ambalo baba hakulisema kwenye simu ila lilikuwa nyuma ya kila alilolisema. Anaogopa mambo mawili yasiyopatana: kwamba binti ataolewa huko, na kwamba hataolewa kabisa. Ataolewa na mtu asiyejulikana ukoo, au mtu aliyesilimu Alhamisi ili afunge ndoa Ijumaa. Ama atakaa huko hadi wachumba wa mtaani wamalizike. Hofu hizi si za kipuuzi, na sisi hatutamwambia mtu mzima kwamba hazina msingi. Tunamwambia tu kwamba kumfungia nyumbani hakuziondoi. Simu iliyo mkononi mwa binti aliyelala chumba cha pili inafika Ruiru, Dubai na Toronto bila nauli. Kinachomlinda ni yale aliyoyakubali moyoni, na uhakika kwamba akipatwa na jambo anaweza kumpigia baba yake simu bila ya kutanguliwa na kelele. Baba ambaye ameruhusu kwa shingo upande na kusema "ukiharibikiwa usirudi" ameufunga mlango huo kwa mkono wake, na wapo mabinti waliovumilia mabaya huko bara kwa kuwa waliamini mlango umefungwa kweli. Tunaomba neno hilo lisitamkwe nyumbani kwa mtu yeyote. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na ngama lazima iwepo.

Mazungumzo ya ndoa yafanywe wazi kabla ya safari. Nani asiyemfaa kisheria, hilo analijua tangu madrasa. Asichoambiwa aghalabu ni afanye nini akitokea Mwislamu mwema huko huko, Msomali, Mnubi, au Mkikuyu aliyesilimu miaka kumi iliyopita na leo ndiye anayefungua msikiti alfajiri. Familia ijiulize mapema kama kinachotafutwa ni dini na tabia au ni mtaa na kabila, na ijijibu kwa ukweli, kwa sababu binti ataliona jibu hata lisiposemwa.

Mwaka 1858 hivi, Mwana Kupona wa huko kaskazini alimtungia binti yake utendi wa nasaha, na wengi wenu mabibi zenu waliujua kwa moyo. Nasaha zile zilikuwa za binti anayekwenda kwa mume. Hakuna aliyewatungia mabinti zetu utendi wa kwenda kusomesha Ruiru. Lakini mama wa Kisauni aliyetuandikia barua ya kurasa nne kwa mwandiko mzuri namna ile ana uwezo wa kuandika ukurasa wa tano kwa mwanawe. Amwandikie kwa mkono wake, siyo ujumbe wa simu.

Kuhusu pesa tutasema kwa ufupi, na pengine kwa ukali. Tumejionea nyumba ambamo safari ya binti ilipingwa miezi mitatu, na mshahara wake wa kwanza ukagawiwa kabla haujaingia: karo ya mdogo wake, bati za nyumba ya mjomba, mchango wa harusi ya mtu ambaye hata hakumuaga. Sharia imeweka wazi kwamba pato la mwanamke ni lake. Akitoa, ni hisani na thawabu yake. Asidaiwe kama deni. Mwalimu anayeanza, hasa wa shule ya binafsi, akishatoa kodi, nauli na chakula hubakiwa na kidogo sana. Na huko majilisini, mwezi wa kwanza tu, mawakala wa mikopo watamjia na fomu zao, wakimwambia kila mwalimu amekopa. Mikopo hiyo aghalabu ni ya riba, na hati ya mshahara iliyokwisha kukatwa nusu ndiyo humfunga mtu mahali asipopapenda. Ndugu wanaomwomba pesa asizokuwa nazo ndio wanaomsukuma kwenye fomu zile. Akitaka kuweka akiba, ziko benki zinazofuata taratibu za Kiislamu nchini, kama Gulf African Bank iliyoanza mwaka 2008.

Neno moja kwa sisi tunaobaki. Walimu kutoka Kiambu, Murang'a na Nyeri wamesomesha watoto wetu Lamu, Kwale na Kilifi kwa miaka mingi. Walikuja na sanduku moja, hawajui kula wali wa nazi, wamevaa mavazi tuliyoyatazama kwa jicho la pembeni, na tukawaita "watu wa bara" hata walipokuwa wamekaa nasi miaka ishirini. Baadhi yetu tuliwapelekea futari. Wengine hatukuwahi kuwauliza majina. Mama anayelala akiwaza nani atamfungulia mlango mwanawe Thika, kesho asubuhi apite kwa yule mwalimu wa kike aliyepanga nyumba ya tatu kutoka kwake, amuulize kwao ni wapi. Huenda akajibu Thika. Hata asipojibu hivyo, amfundishe namna ya kumwamkia mtu wa huko: "Wi mwega". Binti akishuka na maneno hayo mawili mdomoni, keyateka atacheka, na aliyecheka hawi mgumu tena.

Baba wa Malindi ametupigia tena Jumanne. Hajakubali, ameuliza treni ya asubuhi hutoka saa ngapi na kama tiketi za watu wawili hukatwa pamoja. Tumemjibu.

Dada zetu mlioko Ruiru, Juja na Thika, mnaosoma ukurasa huu kwa kutumiwa na jamaa zenu, aliye tayari kumpokea mwalimu mgeni kwa juma la kwanza la muhula atuletee jina lake na mtaa anaokaa kupitia kwa jamaa yake wa hapa. Majina tutayaweka kwa akina mama wa darsa, hayatachapishwa. Wazazi mtayauliza huko baada ya swala ya Ijumaa.

Wabillahi taufiq.